Karbire na asetileni: gesi ya mafundi wa vyuma, kazi yake na hatari yake

Katika garaji za Goma, Bukavu ao Bunia, watu wanajua ile harufu kali kama ya vitunguu saumu. Fundi anatia vipande vya jiwe la kijivu ndani ya pipa lenye maji, anafunga, gesi inapanda na kupita katika mpira mpaka kwenye shalimo. Jiwe ni karbire. Gesi yenyewe ni asetileni, ndogo kuliko zote katika jamaa ya vitu ambavyo wanakemia wanaita alkini.

Alkini zinaundwa na kaboni na hidrojeni, na ndani yake kuna kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono mitatu. Kaboni moja ina mikono minne. Katika asetileni, mitatu inamshika mwenzake, mmoja unabaki kwa hidrojeni, ndiyo maana inaandikwa C2H2. Kifungo hicho ni sawa na resori iliyobanwa: kina nguvu nyingi inayongoja kutoka. Ikichomwa pamoja na oksijeni safi, asetileni inatoa moto wa nyuzi 3100 hivi. Chuma kinayeyuka kwa nyuzi 1538, kwa hiyo fundi ana moto wa kutosha na wa kubakiza.

Edmund Davy aliipata gesi hii huko Ireland mwaka 1836, na Mfaransa Marcellin Berthelot akaipa jina mwaka 1860. Lakini ilibaki kitu cha laboratware tu mpaka 1892, wakati Thomas Willson, Mkanada aliyefanya kazi Marekani, alipochoma chokaa na lami katika tanuru ya umeme. Alikuwa anatafuta njia ya kupata aluminiumu. Alipata karbire. Kiisha taa za karbire zikaenea kwenye baiskeli, kwenye motokari na katika mashimo ya migodi.

Sasa hatari. Watu wengi wanafikiri gesi inalipuka tu ikikutana na hewa na moto. Kwa asetileni si hivyo. Ikibanwa sana, ao ikipata joto ao mshtuko, inaweza kuvunjika yenyewe na kulipuka bila hewa yoyote. Ndiyo maana katika mpira haitakiwi kupita bar 1,5. Chupa za kiwandani hazina gesi tupu: ndani mmejazwa kitu chenye vitundu kama sponji, kikanyweshwa asetoni, na gesi inayeyuka humo. Chupa hiyo inasimamishwa wima wakati wa kazi. Ikiwa ilisafirishwa imelala, isimame kwanza saa nyingi, la sivyo asetoni inatoka pamoja na gesi.

Pipa la kujitengenezea halina ulinzi huo wote. Kama halina mahali pa kutolea presha ya ziada, na kama hakuna kizuizi cha kuzuia moto usirudi nyuma kutoka kwenye shalimo, hilo ni bomu lililowekwa katikati ya kartie. Na tena: kilo 1 ya karbire nzuri inatoa karibu litre 300 za gesi, kwa hiyo kuongeza vipande viwili vitatu ili kazi iende mbio si jambo dogo. Bomba la shaba nyekundu lisitumiwe hata kidogo, juu shaba na asetileni vinazaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Karbire ikishika moto, usimwagie maji. Maji yanaongeza gesi. Tumia mchanga mkavu.

Alkini hazikai garajini peke yake. Kile kifungo cha mikono mitatu kimo ndani ya efavirenzi, dawa iliyotumiwa miaka mingi kwa wagonjwa wa ukimwi, na ndani ya levonorjestreli ya vidonge vya kupanga uzazi. Mwaka 1938, huko Berlin, wanakemia walikiongeza kwenye homoni ya kike, na ini likashindwa kuivunja haraka, kwa hiyo homoni ikaweza kumezwa.

Kuna matumizi mengine ambayo hayafai: kuivisha ndizi na maembe kwa karbire. Unyevu unatoa asetileni, na asetileni inaigiza etileni, gesi ambayo tunda lenyewe linatoa likiiva. Ganda linageuka manjano haraka, ndani mara nyingi bado gumu. Ubaya mkubwa uko katika uchafu wa karbire ya kiwandani, ambayo inaweza kuwa na arseniki na fosforo. India imekataza jambo hilo kwa sheria. Watengenezaji wa kasiksi wa Kivu wanafika palepale bila jiwe: wanafukia ndizi shimoni na kufunika kwa majani, joto linapanda, na etileni ya ndizi zenyewe inabaki ndani mpaka ziive.