Mnara wa Butebo na Zamu za Lugha: Redio ya Masafa ya Kati katika Uganda Mashariki

Historia ya redio nchini Uganda imezoeleka kusimuliwa kutoka Kampala, na aghalabu kwa kufuata matangazo ya mapinduzi: 25 Januari 1971, Aprili 1979 na 27 Julai 1985. Makala haya yanaitazama kutoka upande wa msikilizaji wa Mbale na Jinja. Hoja yake ni kwamba redio ya masafa ya kati iliwazoeza watu wa mashariki kusikiliza lugha za jirani zao, na kwamba mazoea hayo yalififia pamoja na mitambo yake.

Butebo imo katika tambarare iliyo magharibi ya Mbale. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Pallisa, na mwaka 2017 ikawa wilaya kamili. Hapo ndipo Radio Uganda ilipoweka mtambo wa kurushia matangazo kwa eneo la mashariki. Katika masafa ya kati mnara wenyewe ndio antena, na mawimbi yake husafiri yakiambaa na uso wa ardhi. Wimbi la kilohezi 750 lina urefu wa mita 400, na robo yake, mita 100, ni kimo cha kawaida cha mnara wa aina hiyo. Kwa sababu hiyo mnara hauhitaji kilima. Unachohitaji ni ardhi tambarare yenye unyevu na umeme mwingi. Umeme wa gridi ya taifa ulitegemea zaidi bwawa la Owen Falls la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954.

Mitambo ilikuwa michache na lugha zilikuwa nyingi. Radio Uganda iligawa muda wa hewani kwa zamu: Kimasaba, Kiteso, Kigwere, Kisoga, Kisebei na nyinginezo, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Aliyengojea taarifa ya habari au matangazo ya vifo katika lugha yake hakuthubutu kuizima redio, asije akapitwa. Katika kungoja huko alizisikia salamu, nyimbo na misiba ya watu wengine. Uhaba wa mitambo ulizaa ujirani ambao hakuna sera iliyouandika.

Kiswahili kilinufaika kwa namna ya pekee. Tarehe 7 Agosti 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi kikahusishwa na amri za wanajeshi. Hata hivyo, hewani palikuwa na Kiswahili kingine. Usiku mawimbi ya masafa ya kati huakisiwa na tabaka la juu la angahewa na kufika mbali mno. Hivyo redio za Nairobi na Dar es Salaam zilivuka mpaka bila kibali. Kiswahili cha mpira, muziki wa dansi na michezo ya kuigiza kiliingia sebuleni pasipo bunduki.

Mwishoni mwa mwaka 1993 vituo binafsi vya kwanza vya FM vilianza Kampala, na baadaye vikaenea hadi Jinja na Mbale. Mawimbi ya FM hupendelea mahali palipoinuka; minara ikahamia vilimani, kama ilivyo kwenye safu ya Wanale juu ya Mbale. Lugha iliyokuwa na nusu saa ikapata siku nzima. Hiyo ni haki iliyocheleweshwa, wala hatuna sababu ya kuililia zamu. Lakini msikilizaji hakulazimika tena kumsikia jirani yake. Mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kikatiba. Mwaka huohuo sheria iliunganisha Radio Uganda na televisheni ya taifa kuwa UBC. Kiswahili kilipanda daraja katika sheria wakati jukwaa lililokifikisha vijijini lilikuwa limekwisha kupungua nguvu.

Katika hifadhi ya UBC zilipatikana negativu za picha zipatazo 70,000, na baadhi yake zilioneshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Usikilizaji hauachi negativu. Umebaki katika kumbukumbu za wazee waliokuwa wakibana betri ili zifike hadi zamu yao, nao wanapungua kila mwaka. Vyuo vyetu vya Mbale na Jinja viwatume wanafunzi wakawaulize swali moja mahususi: ulisikia nini ulipokuwa ukingojea lugha yako? Majibu yake yatakuwa sura ya historia ya Kiswahili Uganda ambayo haijaandikwa katika amri yoyote.