Spineli ya Waridi

Spineli ya rangi ya waridi ni kito kinachochimbwa Mahenge, wilayani Ulanga, mkoani Morogoro. Kwa sonara, dhahabu na jiwe hili la waridi hukutana katika pete moja.

Rangi ya spineli hii hutokana na kromi kidogo. Ugumu wake ni 8 katika kipimo cha Mohs, hivyo inafaa hata kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Kwa karne nyingi spineli ilidhaniwa kuwa yakuti nyekundu. Hata jiwe kubwa jekundu la taji la Uingereza, lililoitwa yakuti, ni spineli. Kito kizuri hivi kilistahili jina lake mapema zaidi.

Mwaka 2007 fuwele kubwa mno zilipatikana Ipanko, karibu na Mahenge, moja ikiwa na uzito wa kilo 52. Sehemu kubwa ilikuwa na nyufa, lakini vipande safi vilichongwa kuwa vito vya waridi kali, na wafanyabiashara wa vito duniani wakaanza kuitaja Mahenge kwa jina.