Upeo bayana wa vigeu katika CFML

Upeo bayana wa vigeu ni desturi ya uandishi wa programu ambamo jina la kigeu hutanguliwa na jina la upeo wake, yaani hifadhi kinamokaa. Katika CFML, lugha ya ColdFusion iliyotolewa na kampuni ya Allaire mwaka 1995, `url.id` hutoka kwenye anwani ya ukurasa, na `form.id` kwenye fomu iliyotumwa. Upeo usipotajwa, seva hupekua hifadhi kadhaa kwa mpangilio maalumu na kuchukua thamani ya kwanza inayoikuta. Kwa mpangilio wa awali uliokuwapo hadi 2024, mtu wa nje aliweza kupachika kwenye anwani thamani ambayo mwandishi alidhani inatoka kwingine. Ndani ya fanksheni, kigeu kipya kisichotangazwa kwa `var` au `local` huangukia upeo wa `variables`, unaotumiwa na kijenzi (component) kizima; kijenzi hicho kikihudumia maombi mengi kwa pamoja, data ya mtumiaji mmoja huweza kumtokea mwingine. Hitilafu hii ni ngumu kuinasa, kwa kuwa mjaribu programu akiwa peke yake haioni. Upeo wa `local` uliongezwa katika ColdFusion 9, mwaka 2009. Mwaka 2024 Adobe, inayomiliki ColdFusion sasa, ilibadili mpangilio wa awali ili hifadhi kama `url` na `form` zisipekuliwe tena upeo usipotajwa, na programu nyingi za zamani zikahitaji kurekebishwa.