Mwanga, umeme na heliamu ya Qatar

Takriban kilomita 80 kaskazini mwa Doha, katika mji wa viwanda wa Ras Laffan, gesi asilia hupozwa hadi ikawa kimiminika. Katika kazi hiyo hupatikana pia heliamu, ambayo maabara nyingi za fizikia haziwezi kuikosa.

Mwaka 1911 mwanasayansi wa Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes, aliipoza zebaki kwa heliamu kimiminika hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Ghafla ukinzani wa umeme ukatoweka. Vitu vya aina hiyo huitwa supakondakta. Ndani yake elektroni husafiri mbili mbili, na jozi hizo hupita bila kupoteza nishati.

Mwanga huziachanisha jozi hizo. Mwaka 1971 ilionyeshwa kuwa leza huweza kuondoa hali hiyo katika utando mwembamba wa risasi. Miaka 30 baadaye, watafiti wa Moscow na Rochester waliigeuza kero hiyo kuwa chombo. Walichukua utando wa niobiamu naitraidi wenye unene wa nanomita 5 tu, wakauchonga kuwa uzi mwembamba mno, kisha wakapitisha humo umeme unaokaribia kiwango cha mwisho ambacho uzi huo hustahimili. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikiugonga, ukinzani huzuka kwa kitambo kifupi kuliko kufumba na kufumbua, na chombo husajili. Vyombo hivyo sasa hutumika hata katika mawasiliano ya siri kwa njia ya mwanga.

Ajabu ni kwamba kinyume chake pia hutokea. Katika tando za itriamu, bariamu na shaba zilizopungukiwa na oksijeni, mwanga huongeza upitishaji wa umeme, na athari hiyo hudumu muda mrefu baada ya taa kuzimwa, mradi baridi iwepo.

Baridi hiyo ina siasa zake. Juni 2017, Saudi Arabia ilipofunga mpaka wa nchi kavu, Qatar ilisimamisha kwa muda viwanda vyake viwili vya heliamu, kwa kuwa makontena yalikuwa yakipita barabarani kuelekea bandari za Umoja wa Falme za Kiarabu. Maabara za mbali zikaingiwa na wasiwasi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Oxford na Durham walikuwa wametangaza kuwepo kwa heliamu katika bonde la Rukwa, Tanzania. Huko gesi hiyo imechanganyika na naitrojeni.