Sukari Inayoingilia Tumboni

Mimi naomba tuache kuambia mgonjwa wa figo, "Umenenepa, kumbe mambo ni poa!" Kuna kilo ambazo hazitoki kwa sahani kabisa. Hii stori ina zaidi ya miaka 100, cheki.

Mwaka wa 1923, daktari Mjerumani Georg Ganter alijaza maji ya chumvi tumboni mwa mwanamke ambaye mirija yake ya mkojo ilikuwa imezibwa na saratani. Utando wa ndani ya tumbo una mishipa mingi midogo ya damu, kwa hivyo uchafu hupenya ukaingia kwa hayo maji, kisha yanatolewa. Mama yule alipata nafuu, lakini ya muda tu.

Mwaka wa 1968, Henry Tenckhoff wa Seattle akaleta mrija wa silikoni unaoweza kukaa tumboni muda mrefu. Halafu 1976, kule Texas, Robert Popovich na Jack Moncrief wakaeleza njia ya kubadilisha maji mara kadhaa kwa siku bila mashine. Mtu anajisafisha damu akiwa nyumbani, halafu anaenda job. Hong Kong hii ndiyo njia wanayoanza nayo tangu 1985.

Sasa shida iko wapi? Figo pia hutoa maji ya ziada mwilini. Ili kuyavuta, mfuko hutiwa glukosi, maana ni bei nafuu na inavuta vizuri. Mfuko wa lita 2 ulio mwepesi una gramu 30 hivi. Ule mkali una 85. Wengi hutumia mifuko minne kwa siku. Mwili unaweza kufyonza gramu 100 hadi 200, yaani zaidi ya kilokalori 300 kila siku. Ni kama umeongezewa chapati ambayo hukuionja!

Sukari hiyo inafika kwa ini, na ini linatengeneza mafuta. Tena protini nyingine hutoka na maji machafu, na ini likijaribu kufidia linamwaga mafuta zaidi kwa damu. Ndiyo maana trigliseridi na kolesteroli mbaya hupanda, ile nzuri inashuka, na moyo unabeba mzigo.

Basi si wapunguze tu sukari? Walijaribu. Utafiti wa IMPENDIA, 2013, uliwapa wagonjwa wa kisukari mifuko yenye glukosi kidogo. Sukari na mafuta ya damu yakawa afadhali, lakini matatizo makubwa, hasa ya maji kujaa mwilini, yakaongezeka.

Kwa hivyo sisemi mtu aache mfuko, unamweka hai. Nasema mgonjwa aambiwe mapema, apimwe mafuta ya damu, na uzito wake uangaliwe na daktari, maana kilo mpya inaweza kuwa mafuta ama maji, na mizani haijui tofauti. Sisi wengine tumuulize tu anaendeleaje. Au mnaonaje?