Faida ya Vitabuni

Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Tanzania ilitaifisha mabenki ya kigeni. Shughuli za mabenki hayo zikawekwa chini ya Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Benki hiyo ndiyo iliyotoa fedha za kununulia pamba, kahawa na korosho, na ndiyo iliyoyakopesha mashirika ya umma.

Mikopo mingi haikurejeshwa. Lakini mdaiwa alikuwa shirika la serikali, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mwenye benki. Nani angethubutu kuandika kwamba deni limekufa? Mkopo uliokwama uliongezewa muda, riba ikajumlishwa kwenye deni, kisha riba hiyo, ambayo hakuna aliyeilipa, ikahesabiwa kuwa mapato. Kadiri deni lilivyokaa bila kulipwa, ndivyo mapato ya vitabuni yalivyonenepa.

Hesabu zilianza kubadilika mwaka 1991, kufuatia kazi ya tume ya kuchunguza mfumo wa mabenki iliyoongozwa na Charles Nyirabu. Sheria mpya ya mabenki iliipa Benki Kuu nguvu ya kudai mikopo ipangwe kwa madaraja, fedha zitengwe kwa ajili ya mikopo chechefu, na riba isiyolipwa isiitwe mapato. Hasara zilizolala kwa miaka zikajitokeza. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, benki ya NMB ikazaliwa. Mwaka 2000 hisa nyingi za NBC zikauzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini.

Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Viwango vya wakati huo vilitaka hasara iandikwe pale tu dalili zake zilipoonekana, kwa hiyo mara nyingi ilichelewa. Tangu Januari 2018, kiwango kipya kiitwacho IFRS 9 kinaitaka benki ikadirie hasara tangu siku inapotoa mkopo, na kuongeza kiasi inachotenga hatari inapokua.

Hasara sasa huandikwa mapema, ila kwa makadirio ya mameneja wenyewe. Mahali ambapo kumbukumbu za wakopaji ni chache na bei za mazao hazitabiriki, makadirio hayo yana nafasi kubwa ya kupindishwa. Kwa hiyo anayesoma taarifa ya faida ya benki bado anapaswa kuuliza jambo ambalo vitabu vya NBC ya zamani vilinyamazia: katika riba hii, ni kiasi gani kimekwisha kulipwa?