Walipoacha Kuwakatiza Wazee

Katikati ya karne ya 20, mzee aliyekaa akisimulia habari za ujana wake katika nyumba ya kulelea wazee, Uingereza au Marekani, hakupata wa kumsikiliza. Wauguzi walifundishwa kumkatiza. Kurudia ya kale kulihesabiwa kuwa dalili ya akili inayopotea, na kumchochea mgonjwa aendelee ilionekana ni kumdhuru. Hata utaratibu ulioanzishwa na daktari James Folsom huko Topeka, Kansas, mwaka 1958, ulimvuta mgonjwa kwenye leo: akumbushwe tarehe, hali ya hewa, mahali alipo.

Robert Butler aliona vingine. Daktari huyu wa magonjwa ya akili alilelewa na bibi na babu yake huko Vineland, New Jersey, hivyo alikua akiwajua wazee kwa karibu. Aliposhiriki utafiti wa serikali ya Marekani kuhusu wazee wenye afya njema, aligundua kwamba hata hao, ambao akili zao zilikuwa timamu kabisa, walikuwa wakiyapitia upya maisha yao, wakiyapima na kutafuta amani na mambo yaliyowaumiza zamani. Mwaka 1963 alichapisha makala akieleza kwamba hiyo ni kazi ya kawaida ya uzeeni, wala si ugonjwa. Makala ile iliwafungulia wauguzi mlango wa kusikiliza.

Butler hakuwa akiandika kuhusu dimenshia, yaani hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Huko wazo lilifikishwa na wengine, na Waingereza walilishikia bango hasa.

Aliyeongoza hakuwa daktari. Mick Kemp alikuwa msanifu majengo katika wizara ya afya, na mwaka 1978 mradi wake ulianza kukusanya picha na sauti za zamani za kuwaamsha wazee waliokuwa wamenyamaza. Mwaka 1981 shirika la Help the Aged likaitoa kazi hiyo kwa jina la Recall: slaidi zikiandamana na kanda za sauti, zikipita katika vita vikuu vyote viwili na maisha ya kila siku ya raia. Mhudumu aliwasha mashine, wazee wakatazama, kisha mazungumzo yakaanza.

Kuna sababu ya mambo ya zamani kuwaamsha. Ugonjwa wa Alzheimer huanza kwa kula kumbukumbu za karibuni. Mtu asiyejua kama amekunywa chai asubuhi anaweza kueleza, hatua kwa hatua, jinsi mama yake alivyofua nguo kila Jumatatu. Tena watafiti wameona kwamba wazee hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao. Wimbo wa wakati huo hugusa palepale.

Pam Schweitzer aliongeza mikono na pua. Alianzisha shirika la Age Exchange mwaka 1983, akatengeneza michezo ya kuigiza kutokana na simulizi za wazee wenyewe, na mwaka 1987 kikafunguliwa kituo huko Blackheath, London, kilichojaa vitu vya zamani. Ubao wa kufulia unashikwa. Sabuni ya kaboliki inanuswa. Huko Scotland, tangu 2009, wanaume wamekusanywa kwa picha za mechi za mpira.

Majaribio makubwa ya tiba hii ya kukumbushana ya kale yalikuja baadaye, na hayakumpendeza kila mtu. Moja la Uingereza, lililotolewa mwaka 2012, liliwahusisha wagonjwa 488 pamoja na ndugu waliowatunza nyumbani: wagonjwa hawakuonyesha nafuu iliyopimika, na watunzaji wakazidi kuwa na wasiwasi. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 22, yalikuta manufaa madogo yasiyolingana. Lakini katika nyumba za kulelea wazee ubora wa maisha ulionekana kupanda, na hapo ndipo tiba hii inapostahili kupewa nguvu. Mke amekwisha kuzisikia hadithi za mumewe. Mhudumu wa zamu hajasikia hata moja, na akijua kwamba bibi wa chumba cha pili aliwahi kuwa kondakta wa basi, ana la kumuuliza anapomwogesha.